Tathmini: vikokotoo vya kubadilishana wachezaji wa NBA, na pendekezo la kumpeleka LaVine Detroit

Usiku wa tarehe 26 Desemba 2023 Detroit Pistons walifungwa na Brooklyn Nets wakiwa nyumbani kwao, ikawa mechi ya 27 mfululizo kupoteza, na kwa kipigo hicho wakaandika rekodi mbaya kuliko zote za kupoteza mfululizo zilizowahi kuwekwa ndani ya msimu mmoja wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Nyota wao Cade Cunningham alifunga pointi 41, na bado hazikutosha. Mashabiki walikuwa wakiimba kumtaka mmiliki aiuze timu. Kwetu Dar es Salaam ilikuwa tayari alfajiri ya siku iliyofuata, na kabla wachezaji hawajamaliza kutoka uwanjani mimi nilikuwa nimeshafungua kikokotoo cha kubadilishana wachezaji kwenye simu, natafuta namna ya kuiokoa timu ambayo haijui hata kama nipo.

Vikokotoo vya aina hii viko kadhaa mtandaoni. Kinachojulikana zaidi ni kile cha ESPN, na vingine vimetengenezwa na mashabiki wenyewe. Kwa kuwa msingi wake ni mmoja, nitavitathmini kwa pamoja kama huduma moja, nikitumia pendekezo moja la kweli lililovuma msimu ule, kwa sababu naamini chombo cha kupimia hujulikana thamani yake pale unapokipa kitu kizito kukipima.

Matumizi yake ni rahisi. Unachagua timu mbili au zaidi, orodha ya wachezaji inatokea, kila mmoja na mshahara wake mbele ya jina, kisha unamgusa mchezaji unayetaka aondoke na kuonyesha timu anayokwenda. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha kujaribu. Ikitokea rangi ya kijani, mabadilishano yamekubaliwa. Ikitokea nyekundu, unaambiwa ni timu gani imezidisha na kwa kiasi gani. Kwa mtu aliyekua akisoma habari za usajili wa mpira wa miguu, ambako klabu inanunua mchezaji kwa fedha taslimu na habari imeisha, hapa ndipo anapoanza kuelewa kwamba NBA ni soko la aina nyingine kabisa, ambamo mtu hubadilishwa kwa mtu, na mishahara ndiyo mizani.

Kazi ya hesabu kikokotoo kinaifanya vizuri sana, na sitaki kuidharau, kwa sababu hesabu zenyewe ni ngumu. Msimu wa 2023–24 ukomo wa mishahara ulikuwa kama dola milioni 136 kwa kila timu, lakini timu nyingi huuvuka kwa njia halali, na timu iliyouvuka hairuhusiwi kupokea mishahara inayozidi mno ile inayotoa. Kiasi cha kuzidi hutegemea unatoa nini: msimu ule, timu iliyokuwa chini ya aproni ya kwanza na inayotoa mishahara ya kati ya milioni 7.5 na milioni 29 iliweza kupokea hadi milioni 7.5 zaidi. Aproni ni mistari miwili iliyochorwa juu ya kiwango cha kodi ya anasa, yaani tozo wanayolipa wenye mishahara mikubwa mno, na kila timu inapovuka mstari, milango kadhaa inafungwa. Aliyevuka ule wa pili hawezi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mkubwa. Juu ya hayo ipo kanuni iliyopewa jina la Ted Stepien, aliyekuwa mmiliki wa Cleveland Cavaliers mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuzitawanya nafasi za timu yake za kuchagua wachezaji chipukizi katika drafti, zoezi la kila mwaka la ligi, hadi ligi ikalazimika kuzuia timu isibaki bila nafasi ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ya mbele inayofuatana. Kuyabeba haya yote kichwani saa kumi usiku haiwezekani. Kikokotoo kinakubebea, na bure.

Sasa pendekezo lenyewe. Januari 2024 jina la Zach LaVine wa Chicago Bulls lilikuwa likitajwa sana pamoja na la Detroit. Mpwa wangu, ambaye ndiye tunayekesha naye kwenye ligi hii ingawa yeye yuko Mwanza, alinitumia picha ya skrini yake: LaVine anakwenda Detroit, na Chicago wanapewa Bojan Bogdanović na Joe Harris. Chini ya picha aliandika, "Shikamoo mjomba. Dili limekubali, angalia kijani." Na kweli lilikuwa limekubali. Bogdanović alikuwa analipwa dola milioni 20, Harris karibu milioni 20, na LaVine kama milioni 40. Mizani ililala sawasawa kabisa.

Nilimjibu kwamba kijani kile kinatuambia jambo moja tu, nalo ni kuwa ofisi ya ligi isingelikataa. Halafu nikaketi kulipima upya kwa kalamu, na hapo ndipo nilipoona udhaifu mkubwa wa huduma hii uko wapi.

Mkataba wa Harris ulikuwa unaisha msimu ule ule. Mkataba wa Bogdanović ulikuwa na mwaka mmoja zaidi wa kama milioni 19, lakini katika hizo ni milioni 2 tu ndizo zilizohakikishwa, maana yake Detroit wangeweza kumwacha kiangazi kwa gharama ndogo. Kwa hiyo milioni 40 zilizokuwa upande wa Detroit zilikuwa zinayeyuka zenyewe ndani ya miezi michache. Za LaVine zilikuwa zinaongezeka: baada ya msimu ule alikuwa anadai milioni 43, kisha milioni 46, kisha mwaka wa mwisho wa milioni 49 ambao uamuzi wa kuutumia ulikuwa mikononi mwake mwenyewe. Jumla ya miaka hiyo mitatu ni milioni 138. Kikokotoo kilikuwa kinaona 40 dhidi ya 40, ilhali mtu anayewajibika kwa timu alipaswa kuona 40 zinazoondoka dhidi ya 178 zinazoingia, na miaka miwili ya mwisho ya deni hilo ingeangukia kipindi ambacho Cunningham, aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2021, angekuwa ameanza kulipwa mshahara wake mkubwa. Ikawa hivyo: Julai 2024 alisaini nyongeza ya miaka mitano yenye thamani ya dola milioni 224 kwa uchache.

Takwimu za miaka ya mbele hazijafichwa. Katika vikokotoo vingi nilivyotumia zipo, lakini lazima umguse mchezaji mmoja mmoja ufungue kidirisha kingine, na katika simu ndogo kidirisha hicho kinafunika orodha yote. Anayefanya haraka, na usiku wa manane kila mtu anafanya haraka, hawezi kuziona. Umri wa mchezaji nao mara nyingi hauonekani mbele. Kwangu hili ni kosa la mpangilio lenye madhara, kwa kuwa timu iliyo mkiani inahitaji kuliko kitu kingine chochote kujua kila mkataba unaisha lini na kila mchezaji atakuwa na umri gani siku timu itakapokuwa tayari kushindana.

Niwe mwadilifu kwa pendekezo la mpwa wangu, maana halikuwa la kipuuzi. LaVine alikuwa na miaka 28, na msimu wa 2022–23 alikuwa amefunga wastani wa pointi 24.8 kwa mechi. Detroit walikuwa na uhaba mkubwa wa watupaji wa mbali, kiasi kwamba walinzi wa timu pinzani walijazana ndani kumsubiri Cunningham. Tena kupoteza kuna gharama yake isiyoandikwa kwenye jedwali lolote la mishahara: kijana anayezoea kufungwa kila usiku anajifunza tabia za kufungwa, anaacha kukimbilia mpira uliopotea, anaanza kumtazama mwenzake kwa lawama. Mtu akiniambia kwamba Detroit walipaswa kulipa hata ghali ili wapate ushindi kumi na tano zaidi, namwelewa. Ninachopinga ni kulipa kwa miaka ya mbele ili kutibu aibu ya Desemba moja. Timu inapokuwa katika aibu ndipo inapofanya biashara mbaya kuliko zote, kama mtu anayeuza shamba msimu wa njaa.

Tarehe 3 Februari 2024 Chicago walitangaza kwamba LaVine atafanyiwa upasuaji wa mguu na msimu wake umekwisha. Siku iliyofuata nililirudia pendekezo lile lile, na kijani kilikuwa pale pale, hakikupungua hata kidogo. Chicago wenyewe hawakufanikiwa kumhamisha LaVine hadi Februari 2025, alipokwenda Sacramento.

Dirisha la mabadilishano la msimu ule lilifungwa tarehe 8 Februari, saa tisa alasiri kwa saa za New York, ambayo ni saa tano usiku kwetu. Detroit waliwatoa Bogdanović na Alec Burks kwenda New York Knicks, wakapokea Quentin Grimes, Evan Fournier, Malachi Flynn, Ryan Arcidiacono na nafasi mbili za raundi ya pili. Mashabiki walikasirika, na nakiri kwamba nami nilisikitika, kwa sababu ilikuwa imezungumzwa kwa muda mrefu kwamba Detroit walitaka nafasi ya raundi ya kwanza kwa Bogdanović, na msimu mmoja nyuma, alipokuwa anafunga wastani wa pointi 21.6, ilionekana kama wangeipata. Kusubiri kuliwapunguzia bei. Siku hiyo hiyo wakamwacha pia Joe Harris, yaani nusu ya mali iliyokuwa imsafirishe LaVine.

Nilipoyaingiza mabadilishano haya kwenye kikokotoo yalitoka kijani, kama ilivyotarajiwa, Knicks wakitoa kama milioni 27 na kupokea kama milioni 30.5. Lakini tazama yalivyo ukiyasoma kwa miaka badala ya kwa dola za siku ile. Bogdanović alikuwa na miaka 34 na Burks 32. Grimes alikuwa na miaka 23. Mshahara wa Fournier ulikuwa mkubwa, karibu milioni 19, ila mwaka wake uliofuata ulikuwa hiari ya klabu, na klabu ikaukataa. Hivyo Detroit walibadilisha wazee wawili kwa kijana mmoja na nafasi tupu ya mishahara kiangazi. Grimes mwenyewe goti lilimruhusu kucheza mechi sita tu kwa Detroit, na hapo mtu angeweza kusema kwamba biashara imekufa, lakini Julai 2024 uongozi mpya chini ya Trajan Langdon ulimpeleka Dallas na kupokea Tim Hardaway Jr. pamoja na nafasi tatu za raundi ya pili. Katika nafasi ile tupu ya mishahara wakaingia pia Tobias Harris kwa miaka miwili na dola milioni 52, na Malik Beasley kwa mwaka mmoja na milioni 6. Kama milioni 43 za LaVine zingekuwa tayari zimekaa vitabuni, isingewezekana kuwapata wote watatu.

Beasley alifunga vikapu 319 vya pointi tatu msimu wa 2024–25. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 14 ikashinda 44 chini ya kocha J.B. Bickerstaff, ikaingia hatua ya mtoano, na ingawa ilitolewa na Knicks kwa mechi 4 kwa 2, ilikuwa imerudi kuwa timu. Sisemi kwamba Hardaway na Beasley ndio waliofanya kazi yote; sehemu kubwa ni ya Cunningham, aliyekuwa mchezaji wa kiwango cha All-Star, mechi ya nyota wa ligi, mwaka ule. Ninachosema ni kwamba watupaji wa mbali ambao mpwa wangu alitaka kuwanunua kwa deni la milioni 178 walipatikana kwa mikataba mifupi miezi sita baadaye, na mnyororo huo, kutoka Bogdanović hadi Grimes hadi Hardaway, hakuna kikokotoo kinachoweza kukuonyesha. Kila jaribio linaanza upya, kama vile timu haikuwahi kuwa na jana.

Na kwa sisi Watanzania jana hiyo ina jina. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.20, alichaguliwa wa pili katika drafti ya 2009 na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya dirisha, Memphis walimpeleka Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll na nafasi ya raundi ya kwanza, wakapokea Shane Battier na Ish Smith. Vikokotoo vingi hupakia vikosi vya sasa tu, kwa hiyo nililazimika kuyapima mabadilishano haya kwenye daftari, na nilifanya hivyo kwa moyo mzito, kwa sababu nakumbuka tulivyompigania mchezaji yule kwa maneno hapa mjini.

Kwa Memphis ilikuwa biashara sahihi. Battier alikuwa na mkataba unaoisha, aliijua timu kwa kuwa ndiyo iliyomchagua mwaka 2001, na katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio Spurs alifunga kikapu cha pointi tatu sekunde za mwisho, Memphis wakashinda 101 kwa 98, ushindi wao wa kwanza kabisa wa mtoano katika historia ya klabu. Wakiwa wa nane waliwatoa Spurs waliokuwa wa kwanza. Desemba 2011 Battier akaondoka kwenda Miami, na hakuna aliyelalamika. Kwa Houston, waliokuwa wanayumba nje ya nafasi za mtoano, wazo la kupokea kijana mrefu na nafasi ya drafti lilikuwa la busara kwenye karatasi. Lakini Thabeet alicheza mechi chache mno, na Machi 2012 wakampeleka Portland. Carroll waliyemwacha mapema ndiye aliyekuja kuwa mchezaji wa kikosi cha kwanza cha Atlanta Hawks walioshinda mechi 60 msimu wa 2014–15. Hata mizani yangu ya umri na miaka ya mkataba isingemwona Carroll. Kuna sehemu ya kazi hii inayobaki kwa macho ya mtu aliyekwenda mazoezini akakaa kando ya uwanja.

Nirudi kwenye huduma. Lugha ni kikwazo: kila kitu kiko kwa Kiingereza cha kisheria, na ujumbe wa nyekundu unapokuja na maneno ya aproni na vipengele vya msamaha wa mishahara, kijana wa sekondari anabaki kubahatisha. Maelezo mafupi ya kila kanuni, ya mistari miwili tu, yangesaidia sana. Kurasa zenyewe ni nzito na zinakula bando, hasa zile zenye picha ya kila mchezaji, na siku ya kufungwa kwa dirisha hujivuta mno kwa sababu dunia nzima iko humo.

Nafasi za drafti ndizo zinazonitia shaka zaidi. Kwa kanuni za kulinganisha mishahara nafasi hizo hazina uzito, na kikokotoo, kikizigusa kabisa, hukagua tu kama kanuni ya Stepien haijavunjwa. Ukiongeza nafasi nne za raundi ya kwanza kwenye pendekezo bila kuivunja kanuni hiyo, rangi haibadiliki. Anayejifunza ligi kwa kupitia chombo hiki anaweza kuzoea kuzitupa kama chenji, ilhali kwa timu iliyo mkiani nafasi yake ya raundi ya kwanza huenda ndiyo mali ya thamani kuliko zote ilizonazo. Detroit, pamoja na madhaifu yao yote ya miaka ile, hawakuiuza nafasi yao ya kwanza ili kununua ushindi wa wiki chache, na mwaka 2023 walimpata Ausar Thompson kwa kuchagua wa tano.

Niliwahi pia kulipia programu moja ya simu iliyoahidi uchambuzi wa kina. Ilinipa alama za herufi kwa kila timu bila kueleza zilivyopatikana, na kwa majuma mawili baada ya mchezaji mmoja kusaini mkataba mpya iliendelea kunionyesha mshahara wake wa zamani, hivyo mapendekezo yote niliyoyajenga juu yake yalikuwa batili. Niliwaandikia, sikujibiwa, nikaifuta. Za bure nilizozitumia zilisahihishwa haraka zaidi, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kulipa.

Kwa hiyo naipendekeza huduma hii kwa yeyote anayetaka kuzielewa kanuni za ligi, na nashauri aitumie akiwa na daftari pembeni, aandike kwa kila jina umri, miaka iliyobaki na fedha zilizohakikishwa, kabla hajabonyeza kitufe. Mpwa wangu hufanya hivyo siku hizi. Picha aliyonitumia msimu uliopita ilikuwa na rangi nyekundu, pendekezo limekataliwa kwa tofauti ya dola milioni moja na kidogo, lakini chini yake alikuwa amepanga safu nne za mwandiko wake wa kalamu ya buluu, mikataba yote hadi mwaka wa mwisho, na kwa mara ya kwanza tulibishana hadi kukapambazuka juu ya timu yenyewe.